Miguu ya Mke Mwenza

Naisenya aliolewa na Lemomo akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka ishirini hakukuwa na mwanamke mwingine katika boma lile isipokuwa mama mkwe wake. Boma liko tambarare, upande wa Mikumi, nusu saa kwa pikipiki kutoka barabara ya lami. Hapo alizaa watoto wanne. Wa kwanza, Lenku, yuko Kilosa mjini anajifunza kuchomelea vyuma, na ni kwa jina lake watu wengi humwita Naisenya Mama Lenku. Kazi yake kubwa ni maziwa. Anakamua alfajiri, anajaza madumu, na jua likichomoza Alex wa bodaboda anakuja kuyachukua na kuyapeleka Mikumi kwenye mgahawa wa Hildegarda, ambako madereva wa malori husimama kunywa chai.

Lemomo alipotaka kuoa mke wa pili hakumficha. Alimwambia mapema, kabla hajapeleka hata ng'ombe mmoja kwa wazazi wa binti huko Magole. Naisenya hakukataa. Kwa desturi yao mke mkubwa hukaribisha, na yeye alikaribisha vizuri kuliko wengi. Alikata fito, akakanda kinyesi cha ng'ombe, akasiriba nyumba ya mwenzake kwa mikono yake. Siku Seleina alipoingia, Naisenya alimpa kondoo jike mwenye mimba, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana Pakerr, kama wanavyoitana wanawake wa Kimaasai waliopeana kondoo. Seleina alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwepesi wa kucheka, na hakuwa mvivu.

Wivu ulianza na chai. Kwa miaka ishirini Lemomo alikunywa chai yake ya asubuhi amesimama, kikombe mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, macho yakiwa kwa ng'ombe. Naisenya aliamini kwamba mume wake ni mtu asiyekaa. Asubuhi moja, akiwa anatoka zizini na ndoo, alimwona Lemomo mlangoni kwa Seleina. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kikombe kiko chini, anasikiliza hadithi. Ng'ombe walishaanza kutoka na yeye hana habari.

Naisenya alimwaga maziwa kidogo bila kukusudia. Toka siku hiyo alianza kuhesabu. Alihesabu siku Lemomo anazolala kule na anazolala kwake. Alijua nani kanunuliwa shuka lini na nani kaletewa sukari kiasi gani. Neno Pakerr aliliacha, akawa anasema tu, "Wewe."

Mwaka wa pili Seleina alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Saning'o. Wiki ya tatu baada ya kujifungua akaanza kubadilika. Alikuwa halali. Alisema ng'ombe wanamsengenya, tena kwa sauti ya mama yake. Siku moja mama mkwe alimkuta mtoto amelazwa katikati ya ndama, na Seleina yuko mbali, anavuka korongo, hana hata viatu. Waliita watu wa kuombea, wakachemsha na mizizi, haikusaidia. Lemomo akamfunga mkewe kwa shuka mgongoni mwake kama mtoto, akawasha pikipiki ya kuazima, akampeleka hospitali Kilosa. Alikaa naye huko siku kumi na mbili, anamlisha uji kwa mkono wake.

Siku hizo kumi na mbili Naisenya alikuwa na Saning'o mgongoni, ndoo mbili mikononi, na moyo mzito. Anaona aibu kulisema, lakini huwa analisema: aliuonea wivu ule ugonjwa. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua homa mbaya, miaka kadhaa nyuma. Alikwenda Mikumi amekaa juu ya magunia kwenye lori la mkaa, peke yake, akarudi vivyo hivyo. Lemomo alimwuliza tu, "Umepona?" Alipojibu ndiyo, akamwuliza kuhusu ndama aliyekuwa anaharisha.

Seleina alirudi ametulia. Zile sauti zilikwisha, akamshika mtoto wake, akala. Alikuja na bahasha ya vidonge, na Lemomo akawa anampeleka kuchukua vingine kila vinapokaribia kuisha. Wakirudi wananukia chipsi.

Siku ya tisa tangu atoke Kilosa, Alhamisi, walikuwa wanakamua pamoja. Seleina alikaa chini ya ng'ombe wake, mara akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Alisimama mara saba kwa ng'ombe mmoja, na hata akisimama alikuwa anahama mguu huu kwenda mguu ule, kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Wewe, una nini?" Naisenya aliuliza.

"Sijui. Miguu inanikataza kukaa."

"Miguu yako inajua kukaa chai ikiwa tayari."

Seleina alisimama tena. Aliinua ndoo yake, nusu tupu, akaenda. Siku zilizofuata Naisenya ndiye aliyekamua ng'ombe wote. Seleina alizunguka zizi, alizunguka nyumba, akimnyonyesha mtoto huku anatembea mpaka mtoto anaachia ziwa na kulia. Baada ya siku chache akaanza kutoka bomani kabisa. Jua likiwa kichwani, mama mkwe amesinzia na mtoto, Lemomo yuko malishoni, Seleina anajitupia shuka na kuondoka upande wa reli.

Mtu mwenye wivu hahitaji kufundishwa hesabu. Naisenya alijua papo hapo kwamba kuna mwanamume, akaanza kumtafuta kichwani. Hakwenda mbali. Kila asubuhi Alex akija kuchukua madumu alikuwa anamsalimia Seleina kwa utani, "Shemeji, leo umeamka mrembo," na Seleina, hata katika siku zake mbaya, alikuwa anatabasamu. Alex ana mke na watoto watatu, lakini Naisenya hakujali hilo. Wanaume wangapi wana wake?

Siku moja alimfuata. Aliacha ugali haujaiva, akajifunga shuka vizuri, akampa nafasi, kisha akamfuata kwa nyuma, mti hadi mti. Seleina alipanda tuta la ile reli inayokwenda Kidodi, ambako treni hupita kwa nadra, akaanza kutembea juu ya mataruma ya mbao. Alitembea haraka kuelekea daraja dogo la maji ya mvua. Hapo Naisenya alijibanza nyuma ya mgunga. Alikuwa na furaha, furaha chungu. Alishapanga hata maneno atakayomwambia Lemomo.

Seleina alifika kwenye daraja, akageuka, akarudi. Akafika mahali palipokuwa na nguzo iliyoanguka, akageuka, akaenda tena darajani. Akarudi. Hakumtazama mtu wala hakusubiri mtu. Alikuwa analia bila sauti na kujipiga mapaja kwa ngumi. Mara moja alijaribu kukaa kwenye ukingo wa daraja. Alikaa kitambo kidogo tu, magoti yakaanza kutikisika, akaruka juu kama aliyeguswa na moto, akaendelea. Naisenya alihesabu mara kumi na moja. Kisigino kimoja cha Seleina kilikuwa kinatoka damu na kuacha alama kwenye mbao.

Hakuna mwanamume aliyekuja.

Hapo ndipo angeweza kutoka nyuma ya ule mgunga, na amejiuliza mara nyingi kwa nini hakutoka. Anasema alikuwa amekasirika. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mwanamume, na mwanamume hakuwepo, na akajiona kama aliyenyang'anywa kitu kilichokuwa chake.

Jioni Lemomo aliporudi na ng'ombe, alimfuata zizini.

"Baba Lenku, mkeo anazurura relini. Nimemwona kwa macho yangu. Kila siku. Muulize anamsubiri nani."

Alitegemea Lemomo afoke. Lemomo aliweka fimbo chini, akajifuta uso.

"Ugonjwa umerudi," alisema.

"Nimesema anamsubiri mtu."

"Nimekusikia. Ugonjwa umerudi, Mama Lenku. Kabla ya Kilosa alianza hivyohivyo, kutangatanga."

Na sauti yake ilikuwa laini, laini kiasi kwamba Naisenya aliona afadhali angempiga. Kesho yake Lemomo alimpeleka Seleina kwenye zahanati moja iliyo njiani. Akaeleza alivyoambiwa: anazurura, hatulii, haambiliki. Mtoa dawa aliyekuwepo siku hiyo alisikia maneno hayo akaona ugonjwa umezidi. Akaagiza vidonge viwe mara mbili ya vile vya mwanzo. Walirudi saa nane, wananukia chipsi.

Siku ya tatu Lemomo alikwenda mnadani na madume mawili. Mchana Naisenya alikuwa anasuuza vibuyu aliposikia mama mkwe anapiga kelele. Alikimbia. Seleina alikuwa ameegemea ukuta, shingo imepinda nyuma na kuelekea kulia kama imevutwa na kamba, macho yameelekea juu yakaganda huko, weupe mtupu. Taya lilikuwa limekaza upande mmoja, na ulimi ulikuwa unatoka na kurudi. Mate yalimtiririka hadi kifuani. Alikuwa hajazimia, na hilo ndilo lililomtisha Naisenya kuliko yote: alikuwa anasikia kila kitu.

"Wamempanda," mama mkwe alisema. "Mwacheni, msimguse. Wataondoka wenyewe."

Seleina alijitahidi kusema. Neno lilitoka limepondeka.

"Pa... kerr."

Naisenya alimshika kichwa kwa mikono miwili. Shingo ilikuwa ngumu kama mpini. Alijaribu kuinyoosha, Seleina akaguna kwa maumivu, akaiacha.

"Mama, shika mtoto," alimwambia mama mkwe. Kisha akachukua bahasha ya vidonge na simu, na mtu pekee mwenye pikipiki ambaye namba yake ilikuwemo alikuwa Alex.

Alex alifika haraka. Alimwangalia Seleina akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Walipanda mshikaki, Alex mbele, Seleina katikati, Naisenya nyuma amekumbatia kichwa cha mwenzake kisigongwe na matuta. Mate ya Seleina yalimlowanisha mkono wote. Njia nzima Alex hakutania. Walipofika lami alisema bila kugeuka, "Mama Lenku, dada yangu aliwahi kuwa hivi. Ni dawa. Wakamchoma sindano ikaisha." Naisenya, hata hapo, alijiuliza kwa nini anajali hivyo. Ndivyo wivu ulivyokuwa umemshika.

Aliyewapokea hospitali Mikumi alikuwa muuguzi wa afya ya akili anayeitwa Magreti, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimtazama Seleina, akainua bahasha ya vidonge, akaisoma, akamwita mwenzake. Walimchoma sindano. Magreti akavuta kiti akakaa.

"Subirini. Hajapandwa na kitu chochote. Misuli imekaza kwa sababu ya dawa. Itaachia."

Na kweli, muda kama wa kuchemsha maharage hata hayajalainika, taya lilianza kulegea, macho yakashuka, shingo ikarudi taratibu. Seleina alifunga mdomo, akameza mate, akaanza kulia.

"Nani anayemfahamu vizuri?" Magreti aliuliza. "Nataka historia. Mume yuko wapi?"

"Yuko mnadani. Niulize mimi."

"Wewe ni mama yake?"

"Ni mke mwenza."

Magreti alimtazama juu ya miwani. "Haya. Vidonge alianza lini?"

"Alitoka Kilosa Jumanne, siku nne baada ya Idi. Alikuwa na bahasha hiyo. Siku ya tisa, Alhamisi, akaanza kutotulia miguu. Alisimama mara saba wakati anakamua ng'ombe mmoja. Akikaa anazidi, akitembea anapata nafuu kidogo. Akilala usingizi miguu inatulia, nilichungulia alfajiri nikaona. Hasemi maneno ya ajabu tena, hasikii ng'ombe wanaongea. Ni miguu tu. Halafu mume akaambiwa anazurura, juzi zahanati wakaongeza dawa, na leo ni siku ya tatu."

Magreti alikuwa anaandika haraka. Alisimamisha kalamu. "Waume wanaokuja hapa hawajui hata mke ana umri gani. Wewe umejuaje yote haya?"

Naisenya angeweza kusema chochote. Alitazama sakafu.

"Nilikuwa nahesabu siku mume wetu anazolala kwake. Na nilikuwa namfuata. Nilidhani ana mwanamume."

"Ukamkuta?"

"Nilimkuta anatembea tu."

Magreti akaeleza, polepole, na Naisenya anayakumbuka maneno yake hadi leo. Kwamba ile miguu isiyotulia nayo ilikuwa kazi ya dawa, si ugonjwa wala uhuni. Kwamba wapo watu huipata, na anayeipata hujisikia kama anachomwa kutoka ndani, hawezi kukaa hata umwahidi nini. Kwamba mtu asiyejua akiona hivyo hudhani wazimu umerudi, anaongeza dawa, na hapo ndipo mambo yanaharibika. Dawa yenyewe Seleina bado anaihitaji, asije akaiacha ghafla. Watampunguzia, watampa na ya kutuliza miguu kwa muda, na kama haitoshi watabadilisha. Mtoto anyonye kama kawaida, ila wamlete wamwangalie.

"Nani alimwambia mume kwamba anazurura?" Magreti aliuliza.

"Mimi."

"Ulimwambia kwamba hana mtu?"

"Sikumwambia."

 Magreti alifunga faili akatoka.

Wakabaki wawili, Seleina kitandani na Naisenya kwenye kiti.  Seleina alikuwa anafungua na kufunga mdomo, anaujaribu kama mlango uliotengenezwa.

"Pakerr, siku ile relini nilikuona," alisema mwisho. Sauti ilikuwa nzito bado. "Ulijificha kwenye mgunga. Shuka lako jekundu, nani asingeliona?"

Naisenya alikunja pindo la shuka lake. "Kwa nini hukuniita?"

"Nilitaka. Nilitaka nikuambie njoo tutembee wote, naogopa. Lakini ulikuwa unaniangalia kama fisi."

"Mimi ndiye niliyesababisha wakuongezee dawa."

"Nimesikia. Ulimi ulikuwa umekwama, masikio hayakukwama."

Naisenya alisema, "Nisamehe." Seleina akageukia ukuta. Siku ile msamaha haukutoka. Jioni Hildegarda, yule mwenye mgahawa, alisikia habari kwa Alex akawaletea chai na mandazi. Seleina alikula andazi moja, Naisenya akala matatu kwa njaa.

Lemomo alifika kesho yake. Naisenya alimwambia yote nje ya wodi, bila kuacha kitu, hata ile furaha aliyokuwa nayo nyuma ya mgunga. Lemomo alisikiliza, akatema mate, akaingia ndani kwa Seleina. Nyumbani hakumsemesha Naisenya kwa siku tisa. Hakumpiga, hakumtukana. Alikuwa anapita tu mbele yake kama anayepita kwenye kisiki. Na kila asubuhi kati ya hizo tisa alikunywa chai amekaa mlangoni kwa mke mdogo, na Naisenya alikuwa anajua kwamba safari hii hana haki ya kununa, akanuna vilevile.

Miguu ya Seleina ilichukua wiki tatu kutulia. Kwenye kliniki iliyofuata Magreti na daktari walimbadilishia dawa. Vidole vya mkono wake wa kushoto hutetemeka kidogo mpaka leo akishika kikombe, na akikamua huanza taratibu hadi mkono uzoee, lakini anakaa. Anakamua ng'ombe wake mpaka mwisho. Saning'o amejifunza kutembea na anaangusha ndoo za watu.

Msamaha nao ulikuja kwa namna yake. Siku moja Seleina alimwita, "Pakerr, hebu nishikie ndama," bila kufikiri, na Naisenya akashika ndama.

Safari za kliniki sasa ni za Naisenya. Mwezi uliopita Lemomo aliamka mapema, akaoga, akavaa shuka safi na viatu vya kwendea mjini.

"Leo nitampeleka mimi," alisema. "Wewe pumzika, Mama Lenku."

"Utasema nini ukiulizwa?"

"Nitasema anaendelea vizuri."

"Vizuri vipi? Analala saa ngapi? Mkono unatetemeka zaidi asubuhi au jioni? Mara ya mwisho aliruka kidonge lini?"

Lemomo alimtazama Seleina, Seleina akatazama pembeni akiuma midomo asicheke.

"Basi nendeni," alisema.

Mama mkwe alikuwa anaota jua, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mke mkubwa mwenye roho nzuri namna hii hajawahi kumwona. Naisenya hakumsahihisha. Anamtakia Seleina afya, hilo ni kweli, na ndiyo maana anakumbuka kila tarehe. Lakini pikipiki ya Alex ilipotoka langoni siku ile imewabeba wake wote wawili, Lemomo akabaki katikati ya boma na viatu vyake vya mjini, hana pa kwenda navyo, Naisenya aligeuka nyuma kumwangalia mara mbili, na akaona raha.